Nilimwita Wafula Mwizi

Ijumaa, Agosti 2014. Al Mansoura.

Leo ni off. Nje ni vumbi tupu, jua halionekani lakini joto liko pale pale. Nimejilaza tangu asubuhi na usingizi haujaja. Nimezoea.

Kazi yangu ni kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwa betri kuukuu za magari. Tangu nipelekwe kwenye tanuru, usingizi umenipotea. Nikifumba macho, kichwa kinaendelea na shifti. Mchana nakasirika ovyo. Mtu akicheka, naona ananicheka mimi.

Kazini tunapewa laban, yale maziwa mala ya huku kwa Waarabu. Tunaamini inaosha sumu ya risasi. Mimi huleta yangu nyumbani, naweka kwa friji, nanywa jioni.

Wiki hii ikaanza kupotea. Nikamshika Wafula, tunayekaa naye chumba kimoja. Yeye ni askari wa mlangoni kwenye duka kubwa.

"Mzee, mimi hata laban sinywi," akasema. "Inanijaza gesi."

Wenzetu wa nyumba wakacheka. Nikamwita mwizi mbele yao na begi lake nikalitupa nje. Akachukua godoro, akahamia chumba cha pili.

Jana nikifua overoli, nilitoa mfukoni paketi tupu za laban. Zimekunjwa ndogo ndogo, vile mimi hukunja. Nilizinywa kando ya tanuru, hazikufika kwa friji.

Sikumbuki hata moja.

Hiyo ndiyo imenitisha. Kukosa usingizi nilishazoea.

Kuna kitu kingine. Nesi wa kazini aliniuliza kama nalala. Nikamwambia nalala fofofo. Wanaolalamika hukatiwa tiketi ya nyumbani, na mimi sijawa tayari kurudi.

Leo baada ya chakula nimegonga chumba cha pili. Nimemwonyesha Wafula zile paketi, wenzake wote wakiwa hapo.

"Kwa hivyo mwizi ni wewe," Wafula amesema.

"Ni mimi. Nisamehe."

Wamecheka, hata mimi nimecheka. Wafula ndiye ameacha kucheka wa kwanza.

"Na ulikunywa na hiyo mikono ya risasi, bila kunawa? Mzee, si unajimaliza."



Jumapili narudi kwa nesi. Nitasema silali, nasahau, nagombana na watu. Wakinikatia tiketi, basi.

Wafula atanisindikiza. Anasema nikienda peke yangu nitafika pale nisahau kilichonipeleka.

Godoro lake bado liko chumba cha pili.