Sahani Yako kwa Mama Odila

Yaya Felista, dada yangu mkubwa,

Kwenye misa ya kutimiza mwaka tangu utuache sikuja. Watu walidhani ninaumwa. Sikuumwa. Nilikuwa na hasira nawe, na hasira hii sina wa kumpa, ndiyo maana ninakuandikia.

Unakumbuka tulipokwenda hospitali. Mwenye shida nilikuwa mimi: siku zangu zilikuwa zimekatika, joto linanipanda shingoni hata upepo wa ziwa ukivuma, na kiuno kimenenepa bila sababu. Wewe ulinisindikiza tu. Munganga akatutoa damu sote wawili, majibu yakawa mamoja. Kolesteroli iko juu. Akatueleza polepole kwamba mwanamke akikoma kwenda mwezini, mwili unapoteza kinga fulani, mafuta mabaya yanaongezeka kwenye damu, na moyo unaweza kupata taabu. Tupunguze mawese, nyama ya mafuta na vya kukaanga. Tule maharagi, mboga, matunda, samaki wa kuchemsha. Tutembee.

Njiani ulinishika mkono. "Mudogo wangu, usiogope. Tutafanya pamoja."

Ukawa mkali kuliko munganga mwenyewe. Dumu la mawese ukampa jirani. Sombe, yale majani ya muhogo, tukaipika na karanga kidogo, ndagala wa ziwani tukawachemsha na nyanya. Kwenye harusi ya mpwa wetu nilipochukua kipande cha nyama ya ng'ombe wa Pepa, chenye mafuta yake, uliniondolea sahani mbele ya wageni. Niliona aibu, lakini moyoni nilifurahi. Nilijua kuna mtu anayetaka niishi.

Kisha asubuhi moja ukaanguka sokoni, ukiwa unachagua nyanya. Tulipokufikisha hospitali ulikuwa umekwisha kwenda.

Kwenye matanga alikuja Mama Odila, yule anayekaanga vyakula karibu na bandari. Akaniita kando, akatoa chini ya kitenge chake sahani ya bati yenye maua ya buluu.

"Mama, hii ni ya marehemu. Alikuwa anaiacha kwangu, hakupenda kula mu sahani ya wateja."

Sikuelewa. Yeye alidhani ninajua, akaendelea kusema. Ulikuwa unakuja kwake karibu kila alasiri, ile saa uliyoniambia unakwenda kunyoosha miguu kando ya mto Lukuga. Mandazi. Nguruwe wa kukaanga. Ndizi zinazoelea kwenye mawese. Siku moja alikuuliza kama nyumbani hawapiki, ukacheka ukamjibu: "Kule ninakula kwa ajili ya mudogo wangu. Hapa ninakula kwa ajili yangu."

Yaya. Neno hilo nimeligeuza kila upande na bado linanikata.

Ungeniambia tu kwamba umechoka. Tungegombana, ndiyo. Ningelia. Lakini ningejua. Mimi nilikaa nawe mezani nikidhani tuko wawili, nikimeza maharagi yale yasiyo na ladha kwa sababu nawe unayameza, kumbe tumbo lako linangoja alasiri.

Na haikuishia hapo. Shangazi yetu alisema mbele ya waombolezaji wote: "Walimunyima mafuta. Chakula ya kuchemsha njo ilimumaliza." Vichwa vikaitikia. Macho yakanigeukia mimi. Sahani yako nilikuwa nimeikumbatia ndani ya kanga, na nikakaa kimya, nisije nikakuaibisha ukiwa bado hujazikwa. Tangu siku ile lawama ikawa yangu. Sokoni, kanisani, hata kwenye chama cha akina mama, nilikuwa yule aliyemuua dada yake kwa njaa.

Ningeendelea kunyamaza kama si binti yako. Solange, uliyemzaa ukiwa bado msichana na mimi bado mtoto, naye amefika umri ule. Anajipepea misa nzima, jasho linamtoka. Munganga alimwambia apime damu, akakataa. Alikuja kwangu na chupa ya mawese, akaimimina kwenye sombe yangu huku ananitazama.

"Mama mudogo, chakula yenu iliua mama. Mimi hapana."

Nikaenda kabatini nikaleta sahani. Nikamweleza yote. Hakuniamini, aliniita mwongo, basi nikamchukua hadi kwa Mama Odila. Akasikia kwa masikio yake. Akaketi kwenye benchi pale ulipokuwa ukiketi wewe, akalia mpaka wateja wakahama.

Kwa hiyo siri yako nimeitoa mimi. Shangazi sasa anajua, na akijua shangazi, Kalemie nzima imejua.

Sisemi ni mandazi yaliyokuua. Munganga alisema moyo una mambo mengi. Lakini Solange alipima, na kolesteroli yake iko juu kama yetu. Siku hizi anakula kwangu, akianza kulalamika tangu mlangoni. Nimemwambia akichoka asiende kujificha popote, aniambie mimi. Ijumaa iliyopita aliniambia. Tukakaanga samaki mmoja, tukagawana, kesho yake tukarudi kwenye mboga zetu za lengalenga. Haikuwa vigumu, Yaya. Nasi tungeweza kufanya hivyo.

Nimekukumbuka sana mezani. Hilo nalo linaniudhi.

Pumzika sasa. Solange nitamtunza, nakuahidi, na mimi mwenyewe nitajitunza hata bila wewe. Kukusamehe bado sijaweza.

Mudogo wako,
Agnesi