Nyumba ya Muzee

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba

Parking tangu saa kumi na mbili na nusu. Magari manne ya Beni yameondoka, la tano linangoja watu wawili. Mimi ndiye mwenye daftari la majina ya abiria. Nikikohoa tu, gari linachelewa. Mgongo unauma. Kahawa ya leo ilikuwa maji ya kuoshea vikombe.

Saa nne, simu ya Mama kutoka nyumbani kwangu. "Hamisi, Muzee hapana kula tena." Abiria mmoja alisikia akanipa pole. Nikamwambia Muzee ni mjusi. Akaichukua tena pole yake.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Mama akabaki peke yake Beni. Mjusi mmoja, kichwa rangi ya chungwa, akaanza kuja kuota jua kwenye ukuta wa baraza lake. Ukimwambia neno, anatikisa kichwa juu na chini kama anayekubali, halafu anakwenda kufanya yake. Mama akasema huyo ni baba yangu kabisa. Akamwita Muzee. Akamzoesha kula panzi mkononi.

Ijumaa nimemleta Mama huku Butembo. Goti lake bovu, tension ya damu inapanda, na kila habari mbaya ya vita upande wa Mbau, karibu na kwake, inanikosesha usingizi. Alikubali kwa sharti moja. Sharti lilisafiri ndani ya kikapu, limefunikwa kitenge.

Lakini Beni ni joto, na huku kwetu juu ni baridi. Siku ya nne sasa Muzee hali. Amegeuka mweusi kama sufuria. Amri ya Mama: asipokula mpaka Jumamosi ya tarehe 13, nimwandike kwenye daftari, yeye na mjusi wake, warudi kwao. Na atarudi. Namjua.

Nataka abaki. Ni hilo tu.

Jumanne, tarehe 2

Nimeamua kumjengea mjusi nyumba. Mimi, ambaye msumari wa mwisho niliopiga ulinipeleka hospitali.

Nimechukua kabati la vioo la salon, pale tunapopokea wageni. Mke wangu alisimama mlangoni na rundo la sahani mikononi. "Baba Sifa, na vyombo yangu italala wapi?" Sahani zimelala chini ya kitanda chetu.

Fundi Kasereka amekuja kutoa rafu za ndani. Ni rafiki yangu, Mkatoliki wa huku huku Bulengera, ulimi wake mkali kuliko patasi. "Vieux Hamisi, miaka makumi mbili nakutengenezea bitanda. Leo tumefika ku bajusi." Alicheka mpaka penseli ikamtoka sikioni. Alinipa mfuko wa unga wa mbao, bure, wa kutandika chini.

Alhamisi, tarehe 4

Nyumba imekamilika. Unga wa mbao laini kama godoro. Ampuli nyeupe ya ekonomi juu, taa ile isiyokula umeme. Nimetundika hata pazia. Nimesimama kuitazama kama mtu aliyejenga msikiti.

Mama amezunguka mara mbili, fimbo mkononi. "Ile ni nyumba, ama ni sanduku ya maiti?"

Tumeiweka chumbani kwake, kile cha nyuma, chenye kimya. Muzee amejikunja kona. Baada ya saa nzima nikagusa ampuli. Mwanga wa ukumbi wa harusi, joto hakuna. Ampuli za siku hizi ni hivyo. Nilikuwa nimesahau.

"Muzee hapana zoea chumba ya giza," Mama amesema.

Nimeongeza ampuli ya pili. Ya ekonomi vilevile. Sijui ni kwa nini Mungu alinipa leseni ya kuendesha gari.

Ijumaa, tarehe 5

Baada ya sala, mwalimu wa madrasa amekuja kumsalimu Mama. Amekaa, amekunywa chai, halafu, kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi, akaliona kabati.

"Mama Hadija, kweli munafuga mujusi kafiri ndani ya nyumba ya Waislamu?"

Mama hakuinua hata uso. "Huyu alishasilimu, mwalimu. Uliza majirani yangu ya Beni."

Mwalimu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi pia. Mama alicheka kidogo tu, akavuta kitenge mabegani. Siku hizi anacheka kwa kipimo.

Muzee hajala.

Jumapili, tarehe 7

Siku ya aibu yangu na usafi wa wengine.

Binti yangu Sifa anasoma uuguzi, mwaka wa tatu. Amesoma mambo ya mijusi kwenye simu usiku kucha na ameamka hakimu. Unga wa mbao: nje. Mjusi akimeza pamoja na chakula, unamziba tumbo. Amepanga chini vigae vilivyobaki tulipotengeneza bafu. Mlango wa kioo: nje. Jua linalopita kwenye kioo si jua lile lile, na hewa haipiti kabisa. Kasereka ameweka wavu wa chuma badala yake, matundu madogo, ncha zote zimekunjwa ndani ya mbao ili asikwaruze pua. Pazia langu: nje. Kuhusu pazia Sifa hakutoa hata sababu.

Ndani sasa kuna tawi nene la kupandia, jiwe bapa, kisahani cha maji. Upande mmoja utakuwa wa joto, mwingine wa ubaridi, achague mwenyewe. Kinyesi kinaondolewa kila asubuhi. Kila Jumapili yote inaoshwa kwa sabuni na Javel kidogo, ile dawa ya kuua vijidudu, inasuuzwa mpaka harufu iishe, inakaushwa juani, ndipo mwenyewe anarudishwa. Na mikono kwa sabuni, kabla na baada. "Hata weye, papa," Sifa ameniambia. "Zaidi weye."

Muzee alingojea ndani ya beseni, amefunikwa chekecheo, kama waziri aliyewekwa kando. Mama alikaa kwenye kigoda akitoa maagizo, vitenge viwili juu ya sweta.

"Usiku Muzee iko nasikia baridi," aliniambia.

Nikamwambia asihangaike, nashughulikia.

Jumatatu, tarehe 8

Nimeleta panzi kumi kutoka bustani ya kabichi ya jirani. Sifa amewamwaga chooni. Kabichi zile zilipuliziwa dawa juzi. Panzi amekula dawa, mjusi angekula panzi. Sikuwaza.

Nikapanda mwenyewe mlimani, kwenye majani yasiyo na dawa. Mtu wa miaka hamsini na mitatu, anatambaa kwa magoti, kofia mkononi. Dereva wetu mmoja amepita na gari limejaa, akapunguza mwendo ili abiria wote wanione vizuri. Panzi saba.

Muzee amewatazama kama sinema. Hakula. Sifa amewatoa jioni, maana panzi akibaki ndani usiku anaweza kumtafuna mjusi. Sikujua kwamba hata panzi ni mtu wa kuogopwa.

"Muzee iko nawaza kwake," Mama amesema. Nimebaki na siku tano. Nina hofu ya kweli sasa.

Jumanne, tarehe 9

Ampuli za zamani, zile zenye waya ndani, hakuna sokoni. Nimezunguka asubuhi nzima. Wauzaji wananiangalia kama ninayetafuta gramafoni.

Jibu lilikuwa parking. Fuso moja linatengenezwa, taa ya mbele imewashwa tangu saa moja. Nikaiegemea. Kidole kimeungua, na mimi nikacheka peke yangu kama mwehu. Taa ya gari. Maisha yangu yote nimekaa nyuma yake.

Kasereka ameifunga juu ya wavu, kwa nje, Muzee asiweze kuigusa. Betri ya gari, panel ya jua juu ya bati. Nimenunua termometa kwa muuza vifaranga. Chini ya taa: digrii thelathini na saba. Upande wa pili: ishirini na nne. Sifa amesema "bon". Kwa Sifa hiyo ni medali.

Ikabaki mahali pa kuliweka kabati. Nimezunguka nyumba na termometa kama daktari wa zamu. Salon, ishirini. Jikoni, ishirini na mbili. Bureau yangu, ishirini na tano. Ile bureau ina dirisha la mashariki na jua tangu asubuhi. Ndimo ninamofanyia kazi, yaani ndimo ninamolala baada ya chakula.

Nimempa mjusi bureau yangu. Mke wangu alinitazama kitambo kirefu. Nikadhani ananionea fahari.

Jumatano, tarehe 10

Saa tano, simu. Amekula. Panzi wawili, mmoja baada ya mwingine, kutoka mkononi mwa Mama. Nimetangaza parking nzima. Madereva wawili wamepiga honi. Nimerudi na mkate na maziwa kama mtu aliyepata mtoto.

Mama alikuwa bureau, kwenye kiti changu, amekisogeza mpaka karibu na taa. Tangu asubuhi yuko hapo, mke wangu amesema.

"Bon," Mama akasema. "Uniandike gari ya Jumamosi."

Nikamwambia: Mama, lakini amekula. Tulipatana hivyo.

"Muzee iko nasikia baridi bado."

Nikachukua termometa nikamwonyesha. Thelathini na saba. Aliitazama, akaniangalia mimi, akaangalia ukuta.

Nimeandika. Jumamosi, gari la kwanza, nafasi ya nne, jina la mama yangu. Herufi zimetoka vibaya.

Wakati wa chakula nimelalamika kwa mke wangu. Mjusi ana joto, ana jua, amekula, mama anataka nini tena? Aliendelea kusonga bugali. Halafu: "Baba Sifa, umepima nyumba muzima juu ya mujusi. Chumba ya mama, ulipima?"

Alhamisi, tarehe 11

Baada ya sala ya alfajiri Mama alikuwa jikoni, karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Nikaingia chumbani kwake na termometa. Nikangoja.

Kumi na nne.

Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Jua halifiki, hata la mchana. Shuka lina ubaridi kama limetoka kufuliwa. Nilimpa chumba hiki kwa sababu hakina kelele. Nilijiona mwana mwema.

Nimerudi kusoma kurasa hizi. Muzee hapana zoea chumba ya giza. Usiku Muzee iko nasikia baridi. Muzee iko nawaza kwake. Nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjusi hasemi. Mama yangu ana miaka sabini na minne, na hawezi kulalamika ndani ya nyumba ya mwanawe mbele ya mke wa mwanawe. Akamtuma mjusi amsemee. Na mimi nikaenda kununua ampuli.

Mjinga mimi. Mkubwa.

Sikwenda parking. Nimemwita Kasereka tukabeba kitanda. Meza yangu imetoka, kiti kimebaki. Godoro limewekwa juani kwanza. Mke wangu ametoa blanketi zetu mbili nzito bila kuombwa. Mama alikuja kwa fimbo yake akasimama kwenye korido.

"Munafanya nini na kitanda yangu?"

Nikamwambia Muzee hapendi kulala peke yake.

Aliegemea fimbo. Halafu akasema, "Hata baba yako hakupenda," akapita kwenda kuona kama tumeweka mto upande unaofaa. Hatukuwa tumeuweka.

Ijumaa, tarehe 12

Alisali alfajiri akarudi kitandani. Mama. Aliyekuwa anatuamsha sisi. Saa mbili na nusu jua lilikuwa miguuni pake na yeye amelala, mdomo wazi. Nilichungulia mara tatu. Mara ya tatu mke wangu akanivuta shati.

Muzee yuko juu ya jiwe, kichwa rangi ya chungwa tena, anatikisa, anatikisa. Panzi wanne.

Jina bado liko kwenye daftari. Mama hajasema lolote. Mimi sijauliza. Naogopa kuuliza.

Jumamosi, tarehe 13

Gari la kwanza limejaa saa moja na nusu, isipokuwa nafasi ya nne. Nikalizuia dakika tano. Kumi. Dereva akaanza kunihesabia dakika kwa sauti. Nikapiga simu nyumbani. Mama akaichukua mwenyewe.

Nikamwambia gari linamngoja, nafasi ya nne iko wazi.

"Mutu wa nafasi ya ine iko nakunywa uji," akasema. "Mwambie dereva aende. Na ulete sukari, hii yenu imeisha."

Nimefuta jina. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amepanda mahali pake. Gari likaondoka. Nikasimama barabarani na kalamu, nikashukuru Mungu kwa sauti, na muuza mikate akaitika amina bila kujua ni ya nini.

Jumapili, tarehe 14

Naandika kutoka chumba cha nyuma, meza yangu imehamia humu. Soksi mbili. Kweli ni baridi humu.

Leo ni siku ya kuosha. Nimesugua vigae mwenyewe, Sifa amekagua, amenirudisha mara moja tu. Kabati linakauka uani. Muzee yumo ndani ya beseni, ana hasira.

Mchana Mama ameomba jembe. Anataka lengalenga, yaani mchicha, chini ya dirisha lake, majani ya Muzee, amesema, maana ya sokoni hajui yamepuliziwa nini. Nimelima, yeye amesimama kwenye dirisha akinisahihisha. Mistari yangu imepinda. Ameitazama, ameiacha hivyo hivyo, akanipa mbegu kwenye karatasi.

Mwagia asubuhi na jioni, amesema. Baada ya wiki nne tutaanza kuchuma.