Ujumbe Wenye Mi Sikutuma

Mardi, tarehe 10 juin
Telefone iko moto tangu asubuhi na sijaigusa. Ka-point ka rangi ya majani kanawaka pa juu ya écran, kile kioo — mikro inasikiliza. Inasikiliza nini? Niko peke yangu mu bureau, naandika majina ya bamama benye kukimbia vita. Nimeizima, nimeiwasha. Ka-point kamerudi.

Mercredi, tarehe 11 juin
Nilipeleka telefone kwa Guy, anatengenezaka matelefone ku soko ya Baraka. Aliiangalia wakati murefu. Akauliza ile application ya kuandikisha badéplacés, bale benye kukimbia vita, ilitoka wapi. Mu groupe ya WhatsApp ya kazi, nikasema.

"Haikutoka mu magasin ya telefone yenyewe, Mama Constance. Na uliiruhusu kusoma écran yote, na kuandika pa nafasi yako."

Ni kweli. Telefone ilinionya mara mbili: hatari. Nilibonyeza "ruhusu" juu nilikuwa na haraka. Tena, Guy anasema, haijapata mise à jour, ile marekebisho ya usalama, tangu miaka tatu. Matundu ya zamani, yenye wezi banapitia, yote iko wazi.

"Kwa hiyo bale benye kuituma banasoma nini?"

"Yote, mama."

Yote — ni Umutesi, mumoja wa bale bamama. Aliona benye kuua bwana yake ku Misisi, na atabataja mbele ya tribunal, ku mahakama. Mi nilimuficha ku Ubwari, pembeni ya ziwa, kwa mudogo wangu Florentine. Na mipango yote niliiandika mu ile telefone.

Nimeita Ubwari na telefone ya Guy mara kumi. Réseau hakuna.

Jeudi, tarehe 12 juin
Guy alifuta telefone yote, na iko bado kwake. Nimeazima ya Nadège, tunafanyaka kazi naye mu bureau. Leo Florentine amejibu.

"Umutesi iko?"

Mudogo wangu akashangaa: "Yaya, si weye ulimuandikia jana asubuhi? Ulisema ashuke ku bandari ya Kazimia, kuko muntu wa kumupokea. Ameisha kuenda na boti."

Sikuandika.

Nimemuita Umutesi. Mu ziwa sauti inakatika. Nikatuma message: Usishuke Kazimia. Ni mi, Constance.

Jibu yake: "Constance aliniambia jana, kama numero ingine inaniandikia, nisiamini."

Nadège anasema: mwambie kitu munajua babili tu. Kitu gani? Jina ya mutoto wake, kijiji yake, maombi tunaombaka — yote tuliandikiana. Benye kuua bwana yake nao bamesoma. Saa sita na nusu. Boti inafikaka Kazimia saa saba. Natafuta neno moja tu tulilosema kwa mudomo, na mu telefone ya Nadège message bado iko tupu.