Maji ya Nkoaranga Ndani ya Tenki

Mjukuu wangu Upendo,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Nkoaranga tupo. Bibi yako goti linamsumbua, lakini haachi kupalilia kahawa.

Unauliza kwa nini muoshe tenki la gari lenu la watalii wakati maji mnayoweka ni safi. Ujanani nilikuwa mpishi kwenye gari kama hilo. Dereva wetu Elia, mtoto wa jirani, kila safari alijaza tenki kwenye chemchemi ya hapa kwetu, mapya juu ya yaliyobaki. Wageni niliwachemshia. Elia alicheka huku akinywa ya tenki: "Maji ya mlimani unayachemshia nini? Haya ni ya nyumbani!" Mimi nilikunywa ya sufuriani kwa sababu nilikuwa jikoni tu, si kwa akili.

Homa ya matumbo ilimkuta porini. Yaliyofuata sitayaandika. Tulipofungua tenki, kuta zilikuwa na utelezi kama ganda la mgomba lililooza.

Basi mwageni yote, sugueni kwa klorini, suuzeni, ndipo mjaze. Ya kunywa chemsheni.

Tulipotoka kumzika Elia tulinawa mikono kwa maji ya chemchemi ileile. Yalikuwa safi kabisa.

Ni mimi babu yako