Shairi la Govert Sokoni

Haarlem,
Aprili 20, 1607.

Mpendwa shemeji Wouter,

Pokea salamu zangu. Kifua chako kinaionaje baridi ya Danzig? Na mkeo, amejifungua salama? Sisi huku tu wazima. Nakula, nafua vitambaa, naanika. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya afya yangu.

Uliniuliza kama ndugu yako Govert alituachia neno kabla ya kufa. Hakuacha. Tauni ilimfunga kinywa mapema, nikabaki kumtazama mume wangu tu. Ila nilikumbuka kwamba kabla hajaugua alinunua tiketi ya bahati nasibu ya kuchangia nyumba ya wazee, akatunga shairi lake la kusomwa jukwaani tiketi itakapochomolewa, kama tufanyavyo wote. Nilimbembeleza anisomee akakataa, akasema nitalisikia sokoni pamoja na wenzangu.

Basi nikalingoja. Kikombe cha fedha cha mshindi sikukitaka, nilitaka maneno yake. Nikawa naacha vitambaa nyasini, nasimama mbele ya jukwaa na mkate mfukoni, nikisikiliza mashairi ya waokaji na ya walevi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Alhamisi msomaji akachomoa karatasi kikapuni, akasoma:

Neeltje wangu akikoroma, vigae vyote vyahema;
Nikipata kikombe cha fedha, nitahama nilale vyema.

Soko zima likaangua kicheko. Mchekeshaji wa jukwaani akaita, "Neeltje mwenyewe yuko wapi? Panda huku, mama, utukoromee kidogo."

"Hebu nyamaza, wewe," muuza samaki jirani yetu akamwambia. "Mwenye shairi tulishamzika."

Mchekeshaji akavua kofia. Kikapu cha pili, kile cha zawadi, kikatoa karatasi tupu, tarumbeta la washindi halikupigwa, wakaendelea na shairi la mwingine.

Hayo ndiyo maneno ya ndugu yako, shemeji. Kusema kweli, nilitegemea jambo zito zaidi. Nilitaka kulia nikashindwa, nikataka kumkasirikia nikashindwa pia. Nikaenda kugeuza vitambaa.

Binti yetu Baertje anasema usiku ule nilikoroma hadi kulipokucha. Zamani nisingefika mbali. Govert angenipiga kiwiko cha ubavu, tungegombana kidogo, tukalala.

Mama yenu Maritgen anakusalimu. Meno yamebaki mawili, lakini ulimi ni ule ule. Baertje anamsalimu mkeo. Mungu akutunze huko ugenini, wala usikose mtu wa kukupiga kiwiko usiku.

Wako akupendaye,
Neeltje