Chokaa ya Maganda ya Mayai

Jumatatu, 6 Mei
Nimepitia vibanda vya chipsi mayai kama kawaida. Ndoo ya maganda, dumu la mafuta yaliyochoka kukaangia. Wauzaji wanadhani nafuga kuku. Waache wadhani. Baba mdogo wa mume wangu karudia yale yale: bei ya dizeli imemshinda, mashine yake ya kusaga anamuuzia mtu wa Zambia. Kanipa mpaka Jumamosi. Ikinguruma kwa dizeli nitakayotengeneza kwa mafuta haya ya chipsi, inabaki hapa kijijini Chapwa, na mimi nabaki na kazi ya kusagia watu. Isiponguruma, basi.

Jumatano, 8 Mei
Maganda yametoka kwenye tanuru la matofali la jirani. Meupe pee. Nimeyatwanga, nimefunga unga kwenye kopo. Oksidi ya kalsiamu. Simu inaiita kichocheo, ndiyo inayosaidia mafuta ya kukaangia kugeuka dizeli. Nimejaribu kidogo kwenye chupa: mafuta ya moto, methanoli, unga. Mafuta mepesi yakapanda juu, gliserini nzito ikazama. Safi kabisa. Adui wa unga huu ni maji tu, yakiugusa umeharibika. Mama mkwe kauliza koponi mna nini. Nikasema chokaa. Nani aanze kueleza oksidi mlangoni?

Alhamisi, 9 Mei
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimerudi toka sokoni, nyumba inang'aa. Mama mkwe kapaka ukuta wa mbele, wageni wa kipaimara wanakuja Jumapili. Kopo tupu.
"Mama Neema, chokaa yako kali! Nimetia maji, ikachemka yenyewe bila moto. Ya dukani haifui dafu."
Nikasema asante, mama. Mkwe hafokewi. Nikaenda nyuma ya choo, nikaipiga ndoo teke. Ndoo haina kosa. Mguu nao hauna, ila ndio unaouma.

Ijumaa, 10 Mei
Tanuru limeshazimwa. Nimechoma maganda mengine kwenye jiko la mkaa. Kijivu. Moto hautoshi, najua. Nawachukia wageni ambao hata sijawaona. Wote wanaopita wanausifu ukuta.

Jumamosi, 11 Mei
Mafuta hayakujigawa. Uji mtupu. Baba mdogo kaja na mnunuzi wake.
"Haya mkemia, mimina tuone."
Mnunuzi akacheka. Ningeweza kumimina. Uji ule ungeziba pampu pale pale, na asingenunua mtu. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Nikasema hayajaiva. Wakaanza kufungua nati za mashine.

Jumatatu, 13 Mei
Mashine imeshavuka mpaka. Unga umeisha nyumbani. Nimebeba debe la mahindi hadi kwenye mashine ya umeme, kule juu. Umeme ulikuwa umekatika. Akina mama walikuwa kwenye benchi, wengi nilikuwa nawasagia mimi. Mmoja akasogea. Nikakaa.