Mwaitu, Kioko Ameacha Pombe

Mwaitu, mama yangu,

Ni mimi Mbithe, mke wa mwanao. Nimemaliza kupalilia kunde huku upande wa kaburi lako na nimekaa kivulini nikuandikie, kwa sababu kuna jambo uliloliombea miaka yote, ukaondoka kabla hujaliona. Kioko ameacha pombe.

Nimeandika hivyo nikalia kidogo. Sasa naendelea.

Siku tuliyokuzika hakuweza kusimama kwa ulevi. Binamu zake wawili walimshika kwapani ndipo akatupa udongo. Watu walinong'ona. Mimi nilikumbuka ulichoniambia ukiwa umelazwa kule hospitali ya misheni Mutomo: "Mbithe, usimpigie kelele akiwa amelewa. Ngoja asubuhi, mpe uji, halafu mwambie ukweli." Basi asubuhi nikampa uji. Nikamwambia, "Mama yako amekufa akikuombea." Akashika kikombe bila kunywa. Akaniuliza, "Alikuwa akisema nini?" Nikamwambia ulikuwa ukisema, "Bwana, huyu ni wako, mimi nimeshindwa." Alitoka akaenda zizini kwa mbuzi, na nikamsikia akilia huko kwa sauti kama mtoto.

Jumapili alinifuata kanisani lakini akakataa kuingia. Alisema ananuka. Akakaa nje juu ya jiwe, chini ya dirisha. Unamkumbuka Mzee Nzioka, yule mzee wa kanisa anayekaa mbele karibu na mchungaji? Alimwona kupitia dirishani. Katikati ya wimbo akainuka, akabeba kiti chake, akatoka nje kukaa naye. Ikawa hivyo kila Jumapili, mchungaji akihubiri huku akielekeza sauti dirishani ili na wale wa nje wasikie. Siku moja mvua kubwa ikanyesha, wote wawili wakakimbilia ndani wakiwa wamelowa. Ni mvua iliyomwingiza Kioko kanisani, mama. Ungecheka.

Usidhani aliokoka na mambo yakaisha. Alitetemeka, akatoka jasho, akawa na hasira isiyo na sababu. Jioni ndiyo ilikuwa mbaya, maana akitoka kwenye kazi yake ya ujenzi lazima apite kwa Mama Ndunge, kunakouzwa kaluvu, ile pombe yetu ya kienyeji. Mzee Nzioka akamwambia, "Usimwombe Mungu mambo makubwa. Mwombe akupitishe hapo tu." Na alikuwa akimngojea njiani, wanapita pamoja, wakiongea habari za mbuzi na za maharagwe.

Hata hivyo alianguka. Alipeleka mbuzi soko la Emali, akarudi amelewa, na kesho yake aibu ikamfungia nyumbani. Mzee Nzioka alipofika nilifikiri atamkemea. Wapi! Alichukua jembe, wakaenda kuchimba mitaro ya shamba mpaka alasiri, mzee wa umri ule. Walipokaa kupumzika nikawapelekea maji, nikamsikia akisema, "Hata mimi nilianguka, Kioko. Mara nyingi. Mungu hakunichoka. Jumapili twende." Basi, ni hayo tu.

Sasa nikueleze la mwaka huu. Mjukuu wako Mwende, mwenye jina lako, amechumbiwa. Watu wa kijana walitoka mji wa Wote, wakaleta mbuzi na kibuyu cha kaluvu, na unajua desturi, baba wa msichana ndiye anayeonja kwanza. Shemeji yako Musyoki akamimina ndani ya kata, akampa Kioko mbele ya wageni wote.

Kioko aliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa mlangoni pa jikoni. Niliona kaluvu ikimwagikia vidole vyake. Mama, sikuweza hata kuomba. Nilisema tu Yesu, Yesu, Yesu.

Akaiweka chini. "Wazee wangu, nawaheshimu," akasema. "Lakini nikionja hii, hamtanipata tena."

Musyoki akasimama. "Unatuaibisha mbele ya wakwe!"

"Baba mdogo, niliwaaibisha siku ya kumzika mama. Leo ndiyo nakataa kuwaaibisha."

Mwende alinishika mkono, akiogopa kwamba uchumba wake umevunjika hapo hapo. Kisha baba wa kijana, mtu tusiyemjua vizuri, akakohoa akauliza, "Kwani hapa hakuna chai?" Nilikimbia, mama! Niliweka maziwa yote yaliyokuwepo. Kioko akaonja kwanza, akampa mzee yule, naye akanywa, na mazungumzo yakaendelea. Musyoki alikunywa kaluvu yake amenuna, lakini kabla hawajaondoka alimwita Mwende pembeni, akamwambia, "Niletee na mimi hiyo chai ya baba yako."

Wageni walipokwenda Kioko alikaa chini pale pale. Akaniambia, "Mbithe, si mimi niliyeiweka chini ile kata." Sikumuuliza ni nani. Nilikaa karibu naye tu.

Bado anaogopa, sitakudanganya. Kuna siku anarudi nyumbani uso umemkauka na najua alipambana njiani. Lakini watoto sasa wanamkimbilia akifika. Zamani walijificha, unajua.

Harusi itakuwa baada ya mavuno, kanisani kwetu. Najua ungeimba mpaka sauti ikauke, na nafasi yako pale mbele tutaiona ikiwa wazi. Hilo linaniuma.

Pumzika sasa, Mwaitu. Ulimbeba huyu mtu magotini miaka mingi, ukachoka. Nakuahidi nitambeba mimi, siku njema na siku mbaya, na siku nitakayoshindwa nitasema kama wewe, kwamba ni wa Bwana.

Kwaheri, mama. Kunde zimeshika vizuri mwaka huu.

Binti yako,
Mbithe